Boti imepasuka ubao ziwani, naomba ushauri

Wakuu, habari za saa hizi. Nina boti ya mbao yenye injini ya kupachika, nabeba dagaa kutoka Ukerewe hadi soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Juzi tuligonga mwamba, ubao wa chini karibu na omo (mbele ya boti) ukapasuka. Vijana wakachota maji kwa ndoo, mimi nikashindilia blanketi kwenye ufa na kulikandamiza kwa gunia la dagaa (hasara juu ya hasara!). Tulifika, maji yakiwa magotini.

Mnatumia pampu gani ya betri isiyozibwa na mabaki ya dagaa? Na turubai likipitishwa kwa nje, si maji yenyewe yatalibana kwenye ufa? Baba mdogo anasema tungehamishia mzigo tezini (nyuma ya boti) ili omo inyanyuke, ufa ukae juu juu, maji yapungue kasi. Mimi naogopa mawimbi ya nyuma.