Naomba ushauri: utafiti wa voisi za WhatsApp za wauza dagaa, masupavaiza wawili wananivuta huku na huku

Habari za leo wakuu. Niko Kigoma, nasoma masters, utafiti wangu unahusu wafanyabiashara wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi wanavyotumia magrupu ya WhatsApp. Nimekaa na akina mama kwenye vichanja wiki tatu, mama anageuza dagaa kwa mkono mmoja, mwingine kashika simu mdomoni anatuma voisi, Kiswahili na Kiha humo humo, bei ya ndoo, boti gani imerudi, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaingii ziwani basi wanapeana pole. Ni utajiri mtupu jamani.

Sasa nina masupavaiza wawili. Wa isimu anataka voisi chache nizichambue neno kwa neno, mpaka kicheko na kimya, wa kompyuta anataka maelfu ya meseji zihesabiwe na programu, wakati programu nilizojaribu zinakivuruga Kiha kabisa.

Ila linaloninyima usingizi ni ridhaa. Mama admini kaniruhusu, lakini wanachama ni mia na kitu, je ruhusa yake inatosha? Mimi naona haitoshi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sauti hata ukifuta jina, Kibirizi watu wanajuana, wataitambua tu.

Aliyewahi kufanya utafiti wa fani mbili, uliwapatanishaje masupavaiza? Na ridhaa ya grupu zima mliiomba vipi, kwa voisi au mtu mmoja mmoja? Wengi pale hawapendi kusaini makaratasi. Natanguliza shukrani.