Banda la Kansai katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka: lilihitajika kwa nini?

Swali
Ndugu zangu, Maonyesho ya Dunia ya 2025 yalifanyika Osaka, kwenye kisiwa cha Yumeshima, kuanzia tarehe 13 Aprili hadi 13 Oktoba. Mabanda ya nchi ninayaelewa, lakini kulikuwapo pia Banda la Kansai, ilhali Osaka yenyewe imo ndani ya Kansai. Kanda mwenyeji ilihitaji banda la nini, ikiwa wageni walikwisha kufika kwake?

Jibu la kwanza
Kufika Osaka si kufika Kansai yote. Banda hilo lilikuwa la Muungano wa Serikali za Kansai, ulioanzishwa 2010, na mikoa minane ilipanga vitu vyake humo: Shiga, Kyoto, Hyogo, Wakayama, Tottori, Tokushima, Fukui na Mie. Osaka ilikuwa na banda lake pembeni, lililohusu afya. Bila nafasi hiyo, mgeni angeweza kuzunguka Yumeshima hadi achoke, akarudi kwao bila kujua kwamba ziwa kubwa kuliko yote nchini Japani, Biwa, liko Shiga, mwendo mfupi tu kwa treni. Tottori, mkoa wa machuguu ya mchanga, ilileta mchanga wenyewe ndani ya banda. Fukui, ambako mabaki ya dinosaria yamefukuliwa Katsuyama, ilitegemea wanyama hao, na sidhani kama kuna mtoto aliyehitaji kushawishiwa zaidi.

Muulizaji
Nashukuru. Hata hivyo, Tokushima iko kisiwa cha Shikoku, na Tottori huhesabiwa katika kanda ya Chugoku. Je, hapo jina la Kansai halikunyooshwa kupita kiasi?

Jibu la pili
Mikoa hiyo miwili ni wanachama wa Muungano, kwa hiyo mpaka uliofuatwa ni wa kiutawala, si wa ramani za shuleni. Kwa maoni yangu Tokushima ndiyo inayofundisha zaidi, kwa kuwa urithi na viwanda vyake vinakutana katika rangi ya buluu: kwa karne nyingi imelima na kuchachusha majani ya nili ya kutia nguo rangi, na ni huko huko, katika kampuni ya Nichia mjini Anan, Shuji Nakamura alikofanya kazi ya taa za LED za buluu iliyompatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya 2014.

Jibu la tatu
Nakubaliana, ila banda lina kasoro yake ya asili: fundi akionyeshwa nyuma ya kioo hugeuka pambo. Hyogo ililiona hilo, ndiyo maana, mbali na sehemu yake bandani, iliandaa mpango wa kuwaalika wageni mkoani kwenyewe, kwenye mashamba na karakana, waone kazi ikifanyika na wazungumze na wanaoifanya.