Kumkaribia mkizi kwa mkuki katika maji ya kina kifupi

Mwana wa Mtwapa anauliza:
Asalaam alaykum ndugu zangu. Ninaishi Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, na tangu mwezi wa tano nimekuwa nikizamia kwa pumzi yangu mwenyewe, bila mtungi, nikiwinda mikizi kwa bunduki ya mkuki yenye mpira. Maji yenyewe hayazidi mita tatu. Mikizi ninawaona makundi kwa makundi wakikwangua mwani juu ya mawe, lakini kila ninapopiga pezi la mguuni kuwaelekea, mmoja hugeuka, ubavu wake ukametameta mara moja, na kundi zima hutoweka kabla sijanyoosha mkono. Mara mbili nilizofanikiwa kufyatua, mkuki uliishia njiani, ingawa ningeapa kwamba samaki alikuwa karibu. Ninakosea wapi? Tena, nikirudi nyumbani Kenya Disemba, ninaweza kuja na bunduki hii?

Mzamiaji wa Mawimbini:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kosa lako kubwa ni kumfuata. Kwetu husemwa hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi, kwa kuwa hujirusha chomboni mwenyewe. Huyu wa mawe hana hasira hiyo, ana hofu tu, na hofu hiyo huanzia masikioni. Sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo pezi likigusa jiwe, au mrija wa kupumulia ukitoa mapovu unapozama, amekwisha kukusikia. Toa mrija kinywani kabla ya kwenda chini.

Tafuta mawe yenye michirizi myeupe palipokwanguliwa mwani, ufike hapo kabla maji hayajajaa, kwani mikizi hupanda na maji na kurudi kwenye malisho yale yale. Lala nyuma ya jiwe, jua likiwa mgongoni mwako, mkono wa kushoto ukishika mwani, na bunduki iwe imekwisha kunyooshwa. Ukiona huwezi kutulia chini bila kupiga miguu, ongeza kidogo risasi za uzito (vipande vya madini ya risasi) kwenye mkanda wa kiunoni, kwa sababu vazi la mpira halibanwi sana na maji mafupi na hivyo hukuinua. Lakini uzipunguze siku utakapokwenda kwenye kina kirefu, maana huko vazi husinyaa na uzito uleule hukuzamisha.

Kuhusu mkuki kuishia njiani, miwani inakudanganya. Kinachoonekana kuwa umbali wa mita tatu, kwa kweli kiko mita nne.

Bi Kizimbani:
Mwanangu, bunduki iache huko huko. Kenya ilipiga marufuku bunduki za mkuki mwaka 2001, pamoja na juya la kukokota pwani, na mimi niliyekulia kando ya mwamba naiunga mkono amri hiyo kwa moyo wote. Niliyaona matumbawe yaliyovunjwa na vyuma vilivyomkosa pono, na vidonda vile havikufunga kwa miaka.

Hata huko Uingereza kila wilaya ya uvuvi ina kanuni zake, kwa hiyo uzisome kabla ya kuingia majini. Na ukiwinda karibu na midomo ya mito, fahamu kwamba salmoni na trauti hawaruhusiwi kupigwa mkuki. Mkizi naye hukua polepole sana, basi mdogo mwache.

La mwisho ni pumzi. Usihemehemeke kwa haraka kabla ya kuzama. Kufanya hivyo hakukuongezei oksijeni ya maana, bali hupunguza kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo inayokushurutisha kupanda juu, na mtu anaweza kuzimia hata katika mita tatu hizo ulizozitaja. Nenda na mwenzako, mmoja akiwa chini, mwingine awe juu anamtazama.

Mwana wa Mtwapa:
Shukrani za dhati. Jumamosi nilikwenda na mwenzangu. Nilifunga fundo kwenye kamba kila mita, nikaitandaza chini, na kweli nilipokadiria tatu zilikuwa nne. Kisha nililala nyuma ya jiwe nililoliona lina michirizi. Katika mzamo wa tano mkizi mmoja alitokea kushoto, akakwangua, akageuza kichwa hadi nikaona mdomo wake mnene ukifumbuka na kufumba, akakwangua tena. Alikuwa mdogo kuliko mkono wangu hadi kiwiko, kwa hiyo sikufyatua. Bunduki nitamwachia mwenzangu kabla ya safari ya Disemba.