Naomba ushauri: shosho na maumivu ya magoti

Watu wangu habari zenu, naombeni ushauri kuhusu shosho yangu, ana miaka 78 na tunakaa naye hapa Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Magoti yamemsumbua miaka mingi, daktari alisema gegedu (ule utando laini unaozuia mifupa ya goti isisuguane) limelika na halirudi, kilichobaki ni kupunguza maumivu ili aweze kutembea. Shida ni kwamba kila yakimshika anatuma mtoto kemisti amletee dawa ya maumivu, diklofenaki, na yeye ana presha, na hizo dawa ukizitumia kila siku zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo na tumbo, nikimwambia ananijibu "mjukuu wangu, wewe hulali na haya magoti". Na kweli usiku namsikia akigeukageuka, asubuhi anashikilia kitanda asimame kwanza ndo apige hatua. Inaniuma sana.

Wa fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) alimwonyesha zoezi la kukaa kwa kiti, anyooshe mguu aushikilie hewani kidogo, akifanya maumivu yanapungua lakini siku akiumwa anakataa kabisa. Fimbo pia hataki eti itamzeesha (na inashikwa mkono wa upande wa goti lenye nafuu, wengi hukosea hapo).

Wenye mnakaa na wazee, mliwafanyia nini wakakubali mazoezi na fimbo? Daktari aliwabadilishia dawa gani, maana panadol anasema haimfikii? Na kuna fizio wa kuja nyumbani huku Eastlands kwa bei tunaweza?