Mjadala: Bajia, biriani na chapati bado ni chakula cha Kihindi?

Mwanzilishi wa mada, Dar es Salaam

Wakuu, wiki iliyopita kwenye shughuli ya ndugu yetu nilimwalika binamu yangu tukale Jumamosi kwenye mgahawa mmoja Upanga. Akakataa palepale: "Mimi chakula cha Kihindi sikiwezi." Sahani aliyoishika ilikuwa na biriani, sambusa mbili, kachumbari na achari ya embe.

Si yeye peke yake. Wengi wetu "chakula cha Kihindi" ni kile tu anacholeta mhudumu mezani kwa bei ya kuumiza. Bajia za pale kituoni hatuzihesabu. Mimi nasema tunakila karibu kila siku, na tukiri bila kuona haya. Chapati, bajia, kachori, achari, kachumbari: mtu wa Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, anayaelewa majina haya bila mkalimani. Anayepinga aseme.

Mchangiaji, Mombasa

Napinga mimi. Pilau, biriani na sambusa ni maneno ya Kiajemi yaliyozunguka kwingi kabla ya kufika kwetu, kwa hiyo ukifuata majina utawapa Wahindi haki ya Waajemi. Twende jikoni badala yake. Pilau yetu huanza na kitunguu kinachokaangwa hadi kiwe rangi ya kahawa, na hapo ndipo wali unapopata rangi yake. Kisha thomu, tangawizi, bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, supu ya nyama, viazi. Pilipili kali haiingii chunguni, inangoja kwenye kachumbari.

Na chapati? Ya Kigujarati ni nyembamba, ya unga usiokobolewa, huokwa kavu juu ya chuma hadi ifure. Yetu ni ya unga mweupe. Huisukuma, ukaipaka mafuta, ukaiviringa kama konokono, ukaisukuma tena, na ikiiva ukiichana unaona tabaka. Mama alijifunza kwa nyanya, na nyanya kwa mamake. Nikiiita ya Kihindi naona nimewafuta hao wote.

Mchangiaji, Kampala

Huku kwetu chapati huviringwa na mayai, kabichi na nyanya, inaitwa rolex, na mwanafunzi anaweza kuishi nayo muhula mzima. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Waliondoka, chapati ikabaki. Ingekuwa yao peke yao ingepanda ndege pamoja nao.

Mchangiaji, Nairobi

Tusisahau reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, watu wa ngano. Asili haifichiki hapo. Lakini kwetu Nyeri chapati ilikuwa chakula cha Krismasi. Tuliamka alfajiri kumsaidia mama kukanda unga, na hakuna aliyewaza India.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia. Wazee wangu walikuja kwa jahazi kutoka Kutch, huko Gujarat. Jumapili nyumbani tunapika kuku paka: kuku huchomwa kwenye mkaa, kisha huingizwa kwenye tui zito la nazi lenye manjano, ndimu na pilipili. Nilipompeleka mama Ahmedabad, mji wa huko huko Gujarat, kwa matibabu, wenyeji wetu walikuwa hawajawahi kukisikia chakula hicho. Ndugu zetu waliohamia Uingereza, kule Leicester na Wembley, wanauza muhogo wa kukaanga kwa jina la "mogo". Ni neno lenu hilo, tumelibeba hadi Ulaya. Sasa niambieni, kuku paka ni wa nani?

Kinachoniuma zaidi ni watu zaidi ya bilioni moja kutiwa chungu kimoja. Kerala wanapika samaki kwa nazi na kitu cha uchachu, na mtu wa pwani akionja ataona ni mchuzi wake wa ukwaju. Gujarat wengi hawali nyama, na dengu zao huziwekea sukari kidogo. Bengali ni wali na samaki wa mtoni. Hata pilipili tunayoambiwa ni ya Kihindi ilitoka Amerika, ikapelekwa India na Wareno, waliofika bandari ya Calicut huko mwaka 1498 baada ya kupewa rubani Malindi. Mtu akisema hapendi chakula cha Kihindi, namwomba anitajie ni kipi.

Mchangiaji, Tanga

Nakutajia, dada yangu, na si kwa dharau. Ni kile chenye mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Kwetu mvuje anafungwa mtoto mchanga asidhuriwe na mashetani, na uwatu, zile mbegu chungu, anapewa mzazi ili maziwa yatoke. Nikiletewa dengu zinazonukia mvuje, kijiko hakipandi, nahisi nimeingia chumba cha mzazi aliyejifungua juzi. Miaka mingi nimejaribu, nimeshindwa. Lakini urojo wa Unguja naupandia boti. Huo nao mnauweka wapi?

Mwanzilishi wa mada

Nimesoma yote. Pilau naiondoa, mtu wa Mombasa amenishinda kwa kile kitunguu. Chapati ya tabaka naiacha nusu kwa nusu, maana ngano na jina vilikuja, ila mkono unaoiviringa ni wa huku. Bajia, kachori na achari sizitoi: zimekuja na jina, unga wa dengu na namna ya kupika. Kuku paka, dada, ni wa Afrika Mashariki, na naona aibu kwamba nimezaliwa Dar na sijawahi kumla.

Urojo una bajia na kachori kutoka kwa Wahindi, chipsi za muhogo, chatini ya nazi, na ule mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe bichi. Ukiuliza mtu yeyote Forodhani atakwambia ni wa Unguja, nami nakubaliana naye.

Binamu nimemtumia mjadala huu. Amejibu kwamba Jumamosi atakuja, ila tumtafutie samaki wa Kerala, na niulize kwanza kama wanatia mvuje.