Daraja la Nyali la zamani: wenye kumbukumbu, tupeane uzoefu

Jumamosi nilikuwa nampeleka mjukuu wangu Kongowea. Katikati ya Daraja la Nyali, linalounganisha kisiwa cha Mombasa na bara, foleni ikasimama kabisa. Mtoto akachungulia maji kule chini, akaniuliza, "Babu, zamani mlivukaje?" Nikamwambia tulipita juu ya maji yenyewe. Hakuniamini.

Basi naomba tukusanye. Kabla ya hili la zege la mwaka 1980 tulikuwa na daraja la kuelea, lililofunguliwa 1931. Lilikalia maji, likipanda na kushuka nayo. Sisi watoto wa Kisauni bamvua tuliijua kwa miguu: maji yakijaa unaingia darajani sawasawa na barabara, yakipwa, mteremko unakuwa mkali na mwenye mkokoteni hafiki bila kusaidiwa.

Mamangu aliuza nazi mjini. Nilikuwa na miaka tisa, nasukuma mkokoteni nyuma yake, maji yamekupwa hasa, gurudumu likanishinda nguvu. Nazi zilibingirika mpaka ukingoni, zikatumbukia moja moja. Zilikuwa na makumbi yake, kwa hiyo zilielea, zikachukuliwa na mkondo. Mama hakupiga kelele. Alishika kiuno tu, anazihesabu. Kijana mmoja nisiyemjua akavua shati akajitosa, akarudisha zote ila mbili. Mama alipofungua pindo la leso ampe senti, akakataa. Alitaka nazi moja, akaenda zake. Mpaka leo namwombea dua, na jina lake silijui.

Wengine karibuni.

*Mwana wa Mtwapa:* Shikamoo mzee. Mimi la Nyali sikuliwahi, lakini bibi yangu alivuka Mtwapa kwa kivuko cha kuvutwa kwa mnyororo. Wavutaji walikuwa wakiimba, na bibi aliujua wimbo wao. Alituimbia akitwanga. Kafa nao, hatukuuandika, na hilo linaniuma sana.

*Bi Arusi wa Mji wa Kale:* Mimi niliolewa ng'ambo. Nilipelekwa usiku, gari la mbele limejaa akina mama na matari yao. Tulipoingia darajani dereva akapunguza mwendo, shangazi akasema nyamazeni kidogo. Pale ndipo nikasikia maji yakipiga chini yetu, na gari likitikisika polepole. Nikaanza kulia. Nilijua kisiwa nimekiacha. Hili la zege ni zuri, linapitisha watu wengi, lakini ukiwa juu yake maji huyasikii.

*Kijana wa Changamwe:* Mimi wa juzi, ila niongeze la Makupa, njia ya kutoka kisiwani kuja kwetu Changamwe. Miaka yote pale palikuwa na tuta, maji ya upande wa Tudor hayakutani na ya Port Reitz. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja, na tuta likatolewa maji yapite. Baba ni mvuvi. Siku ya kwanza kuona mkondo unapita chini ya daraja, alizima injini ya boti akaacha tuchukuliwe. Hakusema kitu mpaka tukatokea upande wa pili.

Ahsanteni, wanangu. Mwana wa Mtwapa, muulize mkubwa yeyote wa nyumbani kwenu, hata kama anakumbuka mstari mmoja tu wa ule wimbo, uuandike hapa. Na wewe dada yangu, usiku ule wa arusi, maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa?