Tupeane uzoefu: riwaya ya vijana iliyokuumbua mbele za watu

BintiBomas
Wasee, leo kwa gari la Rongai nimeona msichana wa sare analia, kitabu kimefunikwa na gazeti, nikajiona mimi. Ilikuwa 2014, mwaka ule filamu ya The Fault in Our Stars ilipotoka, nami nimeapa kumaliza kitabu kwanza. Nimekaa nyuma ya dereva, nikafika pale Augustus anamwita Hazel na rafiki yao kanisani wamsomee maneno ya mazishi yake angali hai. Nilikuwa nishuke Bomas. Makanga ameita Bomas, ameita tena, mimi kamasi na machozi ni kitu kimoja. Mama wa kando akanishika bega: "Pole mama, ni nani wako?" Nikasema Augustus. Akauliza mazishi ni lini. Nilishindwa kumwambia ni mtu wa kitabuni, nikasema Jumamosi. Akafungua kibeti, akanipa mia mbili za rambirambi. Nilifika Rongai mwisho wa gari, na hizo mia mbili ndizo zilikuwa nauli ya kunirudisha. Haya, na nyinyi?

Kamaa_wa_Kayole
Ulikula matanga ya mtu hayuko. Wueh.

MamaPacha
Hicho nililia hata bila kujua kilivyoisha. Nilinunua cha inama, vile vya kutandazwa chini kando ya barabara, pale Moi Avenue, mia tatu, jalada linang'aa kama sabuni mpya. Kutoka ukurasa wa 280 kinaruka hadi 297. Nikadhani ndio ufundi wa mwandishi.

Mhariri_Mkali
Hiyo ni chapa bandia. Unamwibia mwandishi halafu unamlilia.

MamaPacha
Kitabu halali ni bei ya unga wa wiki mbili na mimi nina pacha. Nilipie wewe.

Mhariri_Mkali
Maktaba zipo. McMillan iko Banda Street, matawi yako Kaloleni na Makadara.

MamaPacha
Natoka kazini saa moja usiku. Itaningoja?

MtotoWaMathare
Mimi sikulia, mimi niligombana na watu. 2020, wakati wa kafyu, saa moja jioni kila mtu awe ndani. Jirani aliniazima The Hate U Give, nikawa nasoma mlangoni kabla giza halijaingia. Mnaijua hiyo sehemu: Starr yuko garini na Khalil, polisi anawasimamisha, Khalil anapigwa risasi, na baadaye yule polisi anadai brashi ya nywele iliyokuwa mlangoni mwa gari aliidhania bunduki. Nilifunga kitabu hapo hapo. Kakangu mdogo wakati huo alikuwa na miaka 17, nywele zimesimama, na chanuo jeusi la meno marefu ambalo mpini wake ni ngumi. Lilikaa mfuko wa nyuma, nusu ndani nusu nje. Na kazi yake ilikuwa kusukuma mkokoteni wa maji, anaingia nyumbani zikibaki dakika tano, siku zingine zimepita.

Jioni hiyo alivyoingia tu nikalichomoa mfukoni. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Kesho yake nikalificha ndani ya pakiti ya unga. Siku ya tatu amenunua lingine. Tukazozana mpaka mama akaamka, na mbele ya mama sikuweza kusema, maana ningeanzia wapi? Eti nimesoma kitabu cha Marekani? Ikabidi nimsomee. Usiku, sauti ya chini, natafsiri nikienda, mama akikohoa nanyamaza. Nilipofika kwa brashi hakusema kitu kwa muda. Kisha: "Sasa nitachana nywele na vidole?" Akainuka, akaliweka juu ya redio.

Tangu siku hiyo likawa linakaa hapo. Juni 2024, siku za maandamano ya mswada wa fedha, alienda mjini bila kuaga. Kabla sijampigia simu nilitazama juu ya redio. Lilikuwa pale. Alirudi saa tano usiku, macho mekundu, fulana inanuka gesi ya machozi, akasema nisimuulize. Sikumuuliza.

Kamaa_wa_Kayole
Nimesoma hii nikiwa stejini, magari mawili yameniacha.

Lulu_Umoja
Sasa umeniharibia! Niko sura ya kwanza!!

MtotoWaMathare
Pole dada. Hayo ni ya mwanzoni kabisa. Kitabu chenyewe ni yanayofuata.

Jembe_Butu
Lakini chanuo na bunduki vinafanana wapi, jamani?

MtotoWaMathare
Muulize mwenye bunduki.

BintiBomas
Na mimi nilileta hadithi ya mia mbili. Naona aibu.

Jembe_Butu
Sawa, lingine basi. Watu wazima wenye watoto mnatafuta nini kwa vitabu vya watoto?

Mzee_wa_Buruburu
Kijana, nina miaka 61. Babangu alikuwa tarishi mjini, akipita McMillan kila siku na bahasha kwapani. Ilifunguliwa 1931 na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma mle hadi 1958. Nikitaka nitasoma hata cha picha, tena nikiwa nimelala chali.

Jembe_Butu
Samahani mzee.

Mwalimu_wa_Jioni
Kwani hakuna wa kutaja cha Kiswahili? Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake. Mimi nilikuwa natafuta wangu. Niliweka nauli kwenye soksi, nikafika stendi ya mabasi ya Machakos Airport, nikakumbuka Kongowea angalau alijua nchi. Mimi sikujua hata gari la kupanda. Nikanunua mhindi choma, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Lulu_Umoja
Ulimpata lakini?

Mwalimu_wa_Jioni
Hayo yanataka uzi wake.

Kamaa_wa_Kayole
Mimi riwaya za Kiswahili ziliuawa na mtihani. Mtu anakufa kitabuni, sijameza mate, mwalimu ashasema eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne.

Mwalimu_wa_Jioni
Na ulipata ngapi?

Kamaa_wa_Kayole
Moja. Nilitaja msemaji.

Lulu_Umoja
Basi mnishauri, hiki nikimalizie wapi? Nyumbani nikilia naulizwa nani amenifanya nini.

BintiBomas
Popote, usiwe garini.

Kamaa_wa_Kayole
Garini ndio kuna rambirambi.

Mzee_wa_Buruburu
Anza na ukurasa wa mwisho. Mimi hufanya hivyo, moyo wangu si wa kuchezewa.

Mhariri_Mkali
Huo ni uhalifu mkubwa kuliko chapa bandia. Katia kitunguu huku unasoma, dada, hakuna atakayeuliza.

MamaPacha
Tukirudi kwa shida zangu, kuna mwenye 281 hadi 296? Miaka yote hii na sijui.

Wa_Githurai
Nimekuwa nikisoma tu kimya. Changu pia ni cha inama. Hizo kurasa kwangu ziko mara mbili.

MamaPacha
Uko mjini saa hii?